Kabla ya kumwita fundi: vifaa vya kompyuta vinavyostahili kuwamo nyumbani



Mwezi uliopita, baada ya swala ya alasiri, alifika ofisini kwetu mama mmoja ambaye eda yake ilikuwa imekwisha siku chache tu zilizopita. Alitaka kufahamu marehemu mumewe alikuwa amechangia kiasi gani katika mfuko wa mazishi na kusaidiana wa mtaa wetu, maana kwa utaratibu tuliojiwekea, msaada unaotolewa kwa familia huangalia michango hiyo. Lilikuwa swali la kujibiwa kwa dakika moja. Hesabu zote ninazo mimi, nami ndiye niliyeziingiza katika kompyuta ya ofisi tangu nilipopewa ukatibu mwaka 2019. Nikabonyeza kitufe. Feni ikazunguka, taa ikawaka, lakini kioo kikabaki cheusi. Nikazima, nikawasha tena. Hali ikawa ile ile.

"Usitaabike, Katibu," akaniambia kwa upole, "nitarudi kesho, inshaallah."

Alirudi kesho yake, na keshokutwa. Mara ya tatu akamtuma mwanawe. Zilipita siku 11 kabla sijaweza kumpa jibu, nami katika siku hizo nilikuwa nikipita njia ya nyuma ili nisikutane naye.

Kompyuta ile tuliipeleka kwa fundi mmoja, ambaye simtaji wala sitaji duka lake. Alikaa nayo juma zima, kisha akatwambia ubao mkuu umekufa, akataja bei ambayo kwa kuiongeza kidogo tungenunua kompyuta nyingine iliyotumika. Tukaichukua. Kijana wa mtaani kwetu, anayesomea umeme, akaomba kuitazama. Aliifungua, akachomoa kipande cha kumbukumbu, yaani RAM, akakisugua meno yake ya shaba kwa raba ya kufutia penseli, akakirudisha. Kioo kikaonyesha picha. Kazi yote haikufika dakika 10. Kisha akanionyesha jambo jingine: kando ya kipande kile palikuwa na tundu la pili, tupu, na tundu hilo lilikuwa safi ilhali kila kitu kinachouzunguka mlango wake kimefunikwa na vumbi la miaka. Tuliponunua kompyuta ile ilikuwa na vipande 2 vya GB 4. Sasa ina kimoja. Sina ushahidi wa kumtuhumu mtu, na dhana si ushahidi. Ila najua kwamba mwenye kompyuta asiyewahi kuona ndani yake hana hata njia ya kuuliza.

Kwa ajili hiyo nimeona ukurasa wetu juma hili uzungumzie vifaa. Sikusudii kila baba na mama wawe mafundi. Nakusudia familia yenye kompyuta moja ya mezani, ambayo watoto wanasomea na mama anaandikia hesabu za biashara yake, iwe na kisanduku kidogo cha kuiwezesha kuifungua, kuisafisha, kubadilisha kilichoharibika, na hata kuiunganisha mpya kipande kwa kipande. Jambo hili la mwisho huwatisha wengi bure. Tangu mwaka 1995, kampuni ya Intel ilipotoa vipimo viitwavyo ATX, sehemu kubwa ya makasha, mbao kuu na pawasaplai za kompyuta za mezani hutengenezwa kwa vipimo vya pamoja, hata cha kampuni hii kikakaa katika kasha la kampuni ile. Kuunganisha hakuhitaji kuchomelea waya hata mmoja. Ni skrubu na vichomeo.

Nianze na bisibisi, maana ndiyo iharibuyo kazi nyingi kuliko kifaa kingine chochote. Inayotakiwa ni ile ambayo mafundi wetu huiita ya nyota, yaani yenye ncha ya msalaba, kipimo namba 2. Hiyo moja yatosha kufungua kasha, pawasaplai, ubao mkuu na diski kubwa. Namba 1 itahitajika kwa skrubu ndogo ishikayo diski za kisasa za M.2, na ndogo zaidi ya hapo, namba 0 na 00, kwa kompyuta mpakato. Wengi wetu tuna bisibisi moja nyumbani, imetumika kufungulia soketi, bawaba za mlango na makopo ya rangi, ncha yake imekwisha kuwa duara. Ukiitia bisibisi ya namna hiyo katika skrubu iliyokazwa, itateleza na kuula msalaba wa kichwa, na skrubu iliyoliwa kichwa ni balaa. Kanuni niliyofundishwa ni hii: bisibisi iingie bila kuchezacheza, ishindiliwe kwanza ndipo izungushwe. Ikiwa na sumaku nchani ni bora zaidi, kwa kuwa skrubu haitadondokea ndani. Wapo wanaoiogopa sumaku hiyo. Lakini sumaku ndogo ya ncha ya bisibisi haina nguvu ya kufuta diski iliyomo ndani ya kasha lake.

Kompyuta nyingi za ofisini za HP, ambazo ndizo zijazazo maduka ya vitu vilivyotumika, zina skrubu za nyota ya pembe sita, kipimo cha T15. Nyingi zimechongwa pia mfereji wa bisibisi bapa, kwa hiyo usikate tamaa, lakini kichwa cha T15 ni rahisi kupata katika seti yoyote. Wenye MacBook wao wana nyota ya pembe tano, na hiyo hununuliwa peke yake.

Na skrubu zenyewe si za aina moja. Zipo za meno mapana, za kasha na diski kubwa, na zipo za meno membamba, za diski ndogo za SSD na visomea CD. Kwa mbali hufanana mno. Ukilazimisha ya meno mapana katika tundu la meno membamba, utakuwa umeliharibu tundu hilo daima. Mimi hutumia trei ya mayai: kila hatua ina kishimo chake, na ninapofunga narudi nyuma kishimo kwa kishimo. Kabla ya kuchomoa waya wowote napiga picha kwa simu. Picha hizo zimenisaidia kuliko kitabu chochote, hasa vile viwaya vyembamba vya kitufe cha kuwashia na taa za mbele, ambavyo ukivichanganya kompyuta nzima hukaa kimya ukadhani imekufa.

Anayeunganisha mpya aangalie pia vinguzo vidogo vya shaba vinavyouinua ubao mkuu usigusane na bati la kasha. Viwepo chini ya kila tundu la skrubu, na kisiwepo hata kimoja mahali pasipo tundu. Kinguzo kimoja kilichozidi chaweza kugusa njia za umeme chini ya ubao, na hapo hasara ni ya ubao mzima.

Koleo ya mdomo mrefu na kibano ni vya kuokotea kilichodondoka na kunyooshea kilichopinda, sina mengi ya kusema juu yake. Tochi nayo ndogo ya kutosha, ila iwepo, na awepo wa kuishika. Anayenishikia mimi ni binti yangu wa miaka 9. Ndiye aliyeniuliza siku moja kwa nini vile vimikebe viwili vimenenepa juu kuliko wenzake. Vilikuwa kapasita zilizovimba. Macho yangu yalikuwa yamepita hapo mara tatu.

Sasa tuje kwenye umeme tuli, ambao mafundi wengi wa mitaani huudharau. Ni ule umeme unaokusanyika mwilini kwa msuguano wa nguo na zulia, ukagusa chuma ukashtuka. Mtu huanza kuuhisi unapofika takribani volti 3,000. Vipande vya kompyuta vingine huweza kudhurika kwa chini ya volti 100. Maana yake ni kwamba unaweza kuua kipande cha RAM bila kuhisi chochote, na pengine kisife siku hiyo, kikaanza kukusumbua baada ya miezi. Sisi wa pwani unyevu wa hewa hutusaidia. Ndugu zetu wa Dodoma na Singida wakati wa kiangazi cha upepo mkavu wajihadhari zaidi. Ipo bangili maalumu yenye waya, hubanwa kwenye chuma kisichopakwa rangi cha kasha. Ndani yake mna kizuizi cha ohmu milioni 1, ili umeme uondoke mwilini polepole, na ili mvaaji awe na kinga iwapo atagusa pabaya. Asiyekuwa nayo afanyie kazi juu ya meza ya mbao, si juu ya zulia wala kitanda, na aguse chuma cha kasha kila mara kabla ya kushika kipande. Na kabla ya yote, chomoa waya wa ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kama 10 ili umeme uliobaki umalizike.

Unyevu huo huo unaotukinga na umeme tuli una upande wake wa pili. Hapa kwetu Tanga, upepo wa baharini huleta chumvi, na chumvi hula shaba. Ndiyo sababu meno ya RAM hufifia, na ndiyo maana raba ile iliponya kompyuta ya ofisi. Raba ni ya dharura: itumike kwa wepesi, na mabaki yake yapanguswe yasiingie katika tundu. Mimi sasa napendelea spiriti ya isopropili, isiyopungua asilimia 90, kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Zile spiriti za vidonda zenye maji mengi na mafuta ndani yake hazifai.

Vumbi huondolewa kwa brashi laini ya rangi, mpya isiyowahi kutiwa rangi, na kipulizia hewa. Toka nayo uani, usiwapulizie watoto. Wakati wa kupuliza, zuia feni kwa kidole isizunguke, kwa kuwa feni inayozungushwa kwa nguvu huharibu bearingi zake na huweza kuzalisha umeme ukarudi kwenye ubao. Mashine ya kufyonzea vumbi la mazulia iwekwe mbali, maana huzalisha umeme tuli. Prosesa ikichemka sana hujipunguzia kasi, nyingi hufanya hivyo zikikaribia nyuzi 100, na mwenye nyumba husema kompyuta imezeeka kumbe imezibwa pumzi. Ukiondoa kipoza joto kilichoikalia prosesa, usikirudishe hivi hivi. Futa krimu ya zamani kwa spiriti, weka mpya ya kadiri ya punje ya mbaazi katikati, kisha kandamiza. Niliwahi kumwona mtu akiipaka kama siagi ya mkate. Ilimwagika pembeni yote, na kompyuta haikupoa zaidi kwa wingi huo.

Kifaa kinachofuata ni mita ya kupimia umeme, ile ya bei ndogo. Kazi yake ya kwanza ni betri ya duara iliyo juu ya ubao, iitwayo CR2032, ambayo ikiwa nzima huonyesha volti 3 au zaidi kidogo. Ikiisha, saa ya kompyuta hurudi nyuma miaka kila umeme unapokatika. Watu huona ni jambo dogo, lakini kompyuta yenye tarehe ya uongo hukataa kufungua kurasa nyingi za intaneti, ikidai si salama. Sisi ilituponyoka barua ya kuitia kikao yenye tarehe ya Januari 2009, na wajumbe wawili wakaitumia kama udhuru wa kutohudhuria.

Kazi ya pili ya mita ni kuipima pawasaplai. Tafuta kile kichomeo chenye nyaya 4: ya njano, mbili nyeusi katikati, na nyekundu. Mita iwe kwenye volti za DC, ncha nyeusi kwenye waya mweusi. Kompyuta ikiwa imewashwa, njano isome kati ya 11.4 na 12.6, nyekundu kati ya 4.75 na 5.25. Nje ya hapo, badilisha pawasaplai. Nasema badilisha, sisemi fungua. Kasha la pawasaplai lisifunguliwe na yeyote nyumbani, hata ikiwa imechomolewa. Ndani yake mna kapasita zinazobeba zaidi ya volti 300 na huweza kuzishikilia baada ya waya kutoka ukutani. Wazazi, hapa sifanyi mzaha: mwambieni kijana wenu kwamba vyote vilivyomo katika kompyuta aweza kuvigusa kwa adabu, isipokuwa ndani ya kisanduku hicho.

Nyuma ya pawasaplai za zamani huwapo swichi ndogo nyekundu iliyoandikwa 115 na 230. Umeme wetu ni volti 230. Miaka kadhaa nyuma niliwasha kompyuta iliyotoka nchi za mbali bila kuitazama swichi hiyo. Ulisikika mlio kama fataki, moshi ukatoka, na nyumba nzima ikawa giza. Kosa lilikuwa langu mwenyewe, na lilinigharimu pawasaplai. Na anayebadilisha aangalie kwanza: baadhi ya kompyuta za Dell OptiPlex hutumia kichomeo chao chenye pini 8 kwenye ubao badala ya pini 24 za kawaida. Chukua ya zamani mkononi uende nayo dukani.

Flashi moja ya GB 8 au zaidi itengwe kwa ajili ya kupakia mfumo upya, isihifadhiwe picha za arusi. Nyingine iwe na programu ya Memtest86, ambayo hupima RAM usiku kucha na kukuambia kama ina kasoro, jambo ambalo jicho haliwezi. Anayenunua vipande vilivyotumika akumbuke pia kwamba msaada wa kawaida wa Microsoft kwa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa Intel inatambua rasmi prosesa kuanzia kizazi cha 8. Ukiuziwa ya kizazi cha 4 kwa sifa nyingi, jua utakavyoitumia. Linux Mint hufanya kazi vizuri juu yake, na watoto huizoea kabla ya wazee wao.

Nimekiacha nyuma kifaa ambacho kwangu mimi kimekuwa cha kwanza. Ni waya mfupi wa kuunganisha diski na kompyuta nyingine: upande mmoja kichomeo cha SATA, upande wa pili USB. Unachomoa diski katika kompyuta iliyokufa, unaiunga kwenye kompyuta mpakato ya jirani, na mafaili yako yote yanaonekana kama yaliyomo katika flashi. Diski ndogo za inchi 2.5 hupata umeme kwa waya huo huo. Kubwa za inchi 3.5 huhitaji na kichaji chake cha volti 12, kwa hiyo nunua waya unaokuja nacho. Kijana wetu alinionyesha waya huo wakati kazi ilikuwa imekwisha. Nilinyamaza kwa muda. Diski yetu haikuwa na kosa lolote. Michango ya marehemu ilikuwa humo siku zote 11, nzima, na bisibisi moja na waya mmoja vingeniwezesha kumjibu mama yule jioni ile ile, akiwa bado amekaa kwenye kiti.

Kabla ya ukatibu wangu hesabu ziliandikwa katika daftari. Mimi ndiye niliyeliacha daftari, nikijivunia kompyuta, bila kuweka nakala mahali popote. Amana za watu zilikuwa juu ya diski moja. Sasa kila Ijumaa usiku hesabu hunakiliwa katika diski 2 za nje: moja hukaa ofisini, nyingine kwa mtunza hazina nyumbani kwake, ili moto au mwizi asizichukue zote kwa pamoja. Kila mwisho wa mwezi tunachapa karatasi.

Mama yule alipewa jibu lake na haki yake, na alinisamehe kabla sijamaliza kuomba radhi. Kisanduku cha vifaa kiko katika kabati ya ofisi, chini ya vitabu vya risiti. Anayetaka kukiazima aandike jina lake katika daftari lililo juu yake, maana bisibisi namba 1 ilitoka juma lililopita na hadi ninaandika makala haya haijarudi.